Sweta Lililoishia Kijani

Kyela mjini,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mama mpendwa,

Ndaga, mama. Pole na mvua, pole na udongo. Mgongo umepata nafuu, au bado unainama mwenyewe kupakia vyungu kwenye mtumbwi? Sisi huku tuko wazima. Lugano anatembea kwa kushika ukuta, na akiuachia akaanguka anatulaumu sisi. Ezra hajambo. Mashine ya kukoboa mpunga inamrudisha nyumbani amejaa vumbi la pumba mpaka kope, lakini hajambo.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu jambo hili haliwezi kupita kwenye simu. Simu yako haisikiki mpaka uweke spika, na ukiweka spika, Ikombe nzima inaitikia salamu zangu kabla yako. Shabani anakuja Matema kila Jumamosi kununua vyungu. Barua zitapitia kwake, mkononi mwako tu.

Unaijua biashara niliyoanza kwenye baraza la duka la Bi Siti. Nanunua nguo zilizowabana watoto wa hapa mjini, nafua, natoa madoa ya maziwa kwa limau na jua, nabadilisha lastiki, narudishia vifungo, napiga pasi, kisha namuuzia mwenye mtoto mdogo zaidi. Nazipanga kwa umri, si kwa rangi, maana mama akija hataji rangi, anataja miezi. Bi Siti ananicheka: "Jeni, wewe hutakufa njaa. Kila siku mmoja anazaliwa na mwingine ananenepa."

Sasa mfuko huu nilioutuma una nguo za Lugano mwenyewe. Naomba uniuzie hapo Matema, kwa wanawake wanaokuja na mitumbwi. Hapa Kyela siwezi. Kwa kina Ezra nguo za mtoto wa kwanza haziuzwi wala hazigawiwi. Zinafungwa kwenye kitambaa zikimngoja mdogo wake. Mwanamke anayeziuza ametangaza kwamba hazai tena. Mama Ezra kila akija kutoka Talatala ananiuliza nimezitunza wapi, na kama nimetia majani ya kufukuza wadudu.

Mama, wewe unajua hakuna anayekuja. Walinitoa kizazi siku ile ile waliyomtoa Lugano, na wewe ndiye uliyeweka sahihi kwa sababu Ezra alikuwa amepeleka mchele Tunduma na damu yangu haikusubiri. Tulikubaliana tutamwambia Ezra mtoto akianza kukaa. Akakaa. Tukasema akianza kutambaa. Sasa anatembea na bado sijasema. Kila nikifungua kabati nakuta nguo zimekunjwa zikimngoja mtu asiyekuja. Siwezi kuendelea kuzikunja.

Kitu kimoja usikiuze: lile sweta la njano. Mama Ezra alilifuma mwenyewe. Uzi wa njano ulimwishia kwenye mkono wa kushoto akamalizia kwa kijani. Hakuna lingine kama hilo, na yeye analijua hivyo. Liweke kwako.

Pia nifinyangie chungu kizuri cha maharage nimpe Mama Ezra zawadi. Cha sasa kimepata ufa.

Lugano anakusalimu kwa kelele.

Mwanao,
Jeni


Matema, sokoni,
Jumamosi, 8 Machi 2025

Mwanangu Jeni,

Salamu zako nimezipokea, mgongo haujapokea kitu, uko vile vile. Nafurahi mjukuu anatembea. Usimkimbilie kila akianguka, atazoea kuangukia watu.

Nguo zimetoka, si zote. Kuna binti mmoja alishika ile suruali ya kijivu, akaniambia, "Mama, hii ina kiraka gotini." Nikamjibu, "Kiraka ni cha mtoto aliyetambaa. Wewe unataka nguo ya mtoto anayelala tu?" Akacheka, lakini hakununua. Atarudi, nimeona alivyoigeuza mara mbili.

Sweta liko kwangu, ndani ya sanduku ninalokuja nalo sokoni, na chungu cha mkweo nitakifinyanga wiki hii.

Sasa nisikilize. Ulipokuwa umelala pale hospitali niliweka sahihi bila kumwuliza mtu, na kesho ningeiweka tena. Lakini sahihi ilikuwa ya kukuokoa wewe, haikuwa ya kumficha mumeo. Mwambie Ezra. Udongo ukiuacha nje unakauka na umbo ulilouacha nalo.

Mama yako


Kyela mjini,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mama,

Mwaonaje hali huko? Natumai mvua haijakuharibia vyungu vibichi. Sisi tuna afya, mtoto ana mafua kidogo tu ya kubadili hali ya hewa.

Mama, nimeshikwa pabaya. Mama Ezra alikuja juzi. Alikaa, akamlisha Lugano uji, halafu akatoa kwenye pochi yake uzi mpya wa njano na sindano za kufumia. Akasema mbele ya Ezra, "Safari hii nimenunua wa kutosha. Huyu wa pili mikono yake haitaishia kijani." Ezra akacheka, akaniangalia. Nikajifanya namfuta mtoto pua.

Kisha akaniambia, "Jeni, nipe lile sweta la kwanza nipimie."

Nikamwambia liko ndani kabisa chini ya masanduku, nitamtafutia. Akasema haina haraka, nimpe kabla ya Pasaka. Akiniambia haina haraka najua anahesabu.

Nakuomba lirudishe Jumamosi hii, pamoja na nguo zote ambazo hazijauzwa. Usimpe Shabani mkononi. Akirudi lazima asimame Ipinda, karibu na Talatala, kumshushia Mama Ezra chungu chake, na watu wa Talatala wanapenda kuchungulia kwenye gari. Liweke mahali pasipoonekana.

Ulichosema kuhusu Ezra nimekisikia. Jumapili nilianza. Nikasema, "Ezra, kuna kitu." Akauliza, "Mtoto?" Nikasema, "Hapana." Akasema, "Basi kama si mtoto kitasubiri," akatoka kwenda kuwasha mashine. Kikasubiri.

Mwanao,
Jeni


Matema,
Jumamosi, 22 Machi 2025

Jeni,

Tuko salama. Naandika haraka, Shabani anafunga kamba.

Sweta nimelitia ndani ya chungu kikubwa, juu yake nikashindilia zile nguo zilizobaki. Nyasi za kupakilia zimelowa zote kwa mvua, kwa hiyo nguo zimefaa kazi mbili, zimejificha na zimezuia chungu kisipasuke. Hicho ni chako, kina kamba ya mgomba shingoni. Cha Mama Ezra hakina kamba. Shabani nimemwonyesha, akarudia mwenyewe: chenye kamba Kyela, kisicho na kamba Ipinda.

Lala usingizi.

Mama yako


Kyela mjini,
Jumapili, 23 Machi 2025

Mama,

Leo nashindwa hata kukuuliza hali. Nampa barua hii dereva wa gari la asubuhi, siwezi kungoja Jumamosi.

Shabani hakukosea. Nimemwuliza mara tatu na kila mara anasimulia vile vile, nami naandika kama alivyosema.

Mama Ezra alikuwa anamngoja Ipinda, pale wanapopimia mpunga. Shabani akamshushia chungu kisicho na kamba. Yeye akakigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio.

"Hiki hakilii."

"Mama, ni kizima kabisa."

"Kizima kwa nani? Kigonge wewe usikie. Nipe kile pale."

"Kile cha Jeni, mama. Kina kamba."

"Jeni ni mke wa nani? Atachukua hiki. Yeye anapikia sufuria."

Watu wakacheka. Akakivuta kile chenye kamba mwenyewe, akakigonga. Kikatoa sauti kama mto wa kulalia. Akasema, "Shabani, umejaza nini humu, bangi?" Watu wakacheka zaidi. Chungu kilichojaa hakiwezi kulia, mama, na sisi wawili hatukukumbuka kwamba hakuna mwanamke wa huku anayechukua chungu bila kukisikia.

Akaanza kutoa ili agonge. Vesti, soksi, suruali ya kiraka. Akawa anaziweka begani kwake moja moja, anatania, "Ona, chungu kimezaa!" Halafu akatoa sweta. Aliligeuza. Akalishika ule mkono wa kushoto. Kisha akazirudisha nguo nyingine zote kwa utaratibu, akalitia sweta ndani ya kanga yake kifuani, akasema:

"Mwambie Jeni nimeona."

Akaondoka kwa miguu. Hakuchukua chungu hata kimoja. Vyote viwili viko hapa jikoni kwangu.

Ezra aliniuliza mbona mama yake ameacha zawadi. Nikasema hakikulia. Hilo ni kweli. Imenishangaza jinsi ukweli unavyoweza kutumika.

Nifanye nini?

Jeni


Ikombe,
Jumanne, 25 Machi 2025

Mwanangu,

Barua nimeipata. Kunywa maji kwanza. Mtoto mafua yameisha?

Nimefikiri tangu jana nikiwa nakanda udongo. Ziko njia mbili. Ya kwanza nimekwishakuambia na hutaki. Ya pili ni hii.

Nitamtumia Mama Ezra maneno kwa Shabani. Nitasema uliniachia sweta lile Lugano alipokuja kwangu mwaka jana, na zile nguo nyingine ulinipa nimvalishe akija tena. Mimi nyasi ziliponilowea nikachukua kilichokuwa karibu, nikalifanya sweta lake tambara la kupakilia vyungu. Nitaomba radhi. Atakuwa na hasira na mimi, hatakuwa na swali kwako.

Ataamini. Mimi ni mfinyanzi, mikono yangu ina matope, ni rahisi kuamini kwamba sijui thamani ya uzi.

Ujue tu gharama yake. Yule mwanamke hasahau. Hatakanyaga kwangu, na kwenye nyumba yenu sitaingia akiwepo. Pasaka sitakuja. Lugano nitamwona siku utakapomleta mwenyewe. Mimi ni mtu mzima, nitavumilia.

Kama hutaki, niandikie kabla ya Jumamosi. Ukinyamaza nitajua umekubali.

Mama yako


Matema, sokoni,
Jumamosi, 29 Machi 2025

Jeni,

Nimengoja gari la Jumatano, la Alhamisi na la jana. Shabani leo amefika mikono mitupu, anasema hukumpa kitu.

Basi nimeelewa. Maneno ameshayachukua.

Mbusu mtoto.

Mama yako


Kyela mjini,
Jumanne, 1 Aprili 2025

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na sijui kama nina haki ya kukuuliza hali. Natumai mikono na mgongo ni wazima. Lugano ni mzima.

Kimya changu hakikuwa cha gari kuharibika. Niliandika barua ya kukukataza, nikaifunga, nikaiweka juu ya meza. Ijumaa dereva alipita mlangoni akapiga honi, nami nikakaa jikoni nikisikiliza honi mpaka ikaisha. Nilitaka lawama ubebe wewe. Nakuambia wazi kwa sababu ulikwishajua.

Siku ya Jumapili ulisikia sauti tu. Mimi nikuandikie ambacho hukukiona.

Mama Ezra alifika baada ya ibada, hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikuwa na sweta mkononi. Ezra alikuwa amemshika Lugano. Akamwambia mwanawe, "Mkweo amelifanya sweta langu tambara la vyungu. Ametuma mtu aniombe radhi njiani, kama mtu anayeagiza chumvi." Akasema mengi. Akasema watu wa matope wanajua kushika matope. Akasema alikaa miezi miwili na macho yake yanayouma akilifuma. Ezra uso ukambadilika. Akaniuliza, "Ni kweli?"

Mama, ilikuwa rahisi sana. Ilikuwa ni kuitikia kwa kichwa. Nikaitikia.

Ndipo Ezra akasema, "Hapana, hili haliishi hivi. Aombe radhi mwenyewe, mama asikie." Akakupigia. Na wewe ukapokea, na kama kawaida ukaweka spika. Nilisikia majirani zako, nikasikia mtu akisema, "Ni mkwe wa Kyela huyo, msalimie." Nikakusikia ukisema, "Ndiyo, baba. Ni mimi. Nilikosa. Nililiona tambara. Mwambie mama Ezra mimi ni mjinga, anisamehe." Na nyuma yako kuna mtu akaguna, mwingine akacheka kidogo. Mama Ezra alikuwa anaitikia kwa kichwa kama aliyelipwa.

Mkono wangu ndio uliotangulia. Nilichukua simu. Kuanzia hapo ulisikia: "Mama, acha. Mama yangu hajalifanya tambara. Mimi ndiye niliyempa aziuze nguo zote."

Ambacho hukukiona: Mama Ezra alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale kwenye mkeka. Akauliza polepole, "Uziuze? Na mdogo wake avae nini?" Ezra akamweka mtoto chini bila kumtazama, na Lugano akasimama peke yake katikati ya chumba, hakushika kitu. Hakuna aliyemsifu.

Nikasema yote. Upasuaji, kizazi, sahihi yako, Tunduma. Nilijua spika iko wazi na kwamba Ikombe nzima inasikiliza, nikasema tu. Halafu nikakusikia ukisema, "Umesema vizuri, mwanangu," ukakata.

Ezra alitoka. Hakubamiza mlango. Mama Ezra alilikunja sweta likawa dogo kabisa, akalitia kwenye pochi, akaondoka. Nilikuwa nimepika wali na kuku. Hakuonja hata maji.

Ezra analala mashineni tangu siku hiyo. Anamtuma mtu alete unga na sabuni, kwa hiyo hajatusahau, lakini haji. Bi Siti anasema mwanamume anayeleta sabuni hajaondoka. Nataka kumwamini.

Mwanao,
Jeni


Matema, sokoni,
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimekusamehe ile Ijumaa ya honi kabla hujaandika. Usiirudie barua hiyo kichwani.

Baada ya simu kukatika hakuna aliyecheka tena. Yule aliyecheka mwanzo ndiye aliyeniletea kuni za kuchomea vyungu Jumatatu. Hakusema ni za nini. Nami sikumwuliza.

Huko kwenu sina la kukusaidia. Mimi nimeshasema uongo wangu, umeisha. Kaa na mwanao, uza nguo zako, usimfuate Ezra mashineni. Akija mpe chakula kwanza.

Nimesikia kwa Shabani kwamba baba wadogo wa Ezra wanataka kukaa kikao Talatala baada ya Pasaka, na kwamba kuna binti wa Ipinda ametajwa. Sitaki ulisikie hilo sokoni, ndiyo maana nakuandikia. Mama Ezra anasemaje? Shabani anasema hasemi. Anapita Ipinda na uzi wake, hamsalimu mtu.

Mama yako


Kyela mjini,
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Ndaga fijo, asante sana kwa dagaa, wamefika wakiwa wakavu. Hatujambo. Lugano sasa anatembea kutoka mlangoni hadi barabarani, nimelazimika kuweka ubao.

Ezra amerudi. Alikuja Jumanne mchana, saa ambayo huwa hayupo, vumbi mwili mzima. Nikampa chakula kwanza, kama ulivyosema. Alikula chote. Alinawa. Nikangoja aseme kuhusu kikao, kuhusu binti wa Ipinda, nilikuwa nimejipanga. Akauliza, "Siku ile, ulikuwa unajua wanachofanya, au ulikuwa umeshazimia?"

Nikamwambia nilikuwa najua. Nilimsikia daktari akikuuliza, nikakusikia ukisema, "Mwokoeni yeye."

Akasema, "Mimi nilikuwa Tunduma nabishana na mtu kuhusu magunia." Akarudia hilo mara mbili. Halafu akamchukua Lugano akamwogesha, na tangu hapo analala nyumbani. Hatujasema zaidi. Akiwa anavua viatu huniangalia kama mtu anayetaka kuuliza njia.

Lakini kikao kipo, mama. Jumatatu ya Pasaka. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mama yake ndilo litakalowafungua au kuwafunga wale wazee, na Ezra hajawahi kumpinga mama yake mbele ya watu. Nilimwuliza utasema nini. Akasema, "Nitasema ninaye mke." Nikamwuliza, na mama yako akisema vingine? Akanyamaza. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe najua kunyamaza.

Nguo zilizobaki nazituma tena kwa Shabani. Safari hii ziko kwenye mfuko ulio wazi. Ziuze mbele ya watu. Mtu akiuliza za nani, sema ni za Lugano binti Ezra.

Mwanao,
Jeni


Matema, sokoni,
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Mwanangu Jeni,

Pokea salamu za Pasaka. Leo mgongo sijausikia kabisa, nitakuambia kwa nini. Shabani anatukana kwa sababu namchelewesha, lakini ataondoka nikimaliza.

Gari liliposimama asubuhi, kwanza ulishuka mfuko wako, kisha akashuka Mama Ezra. Nilikuwa nimetandaza vyungu mchangani. Nikasimama. Nilidhani amekuja kunitukana mbele ya soko, nikasema moyoni, na iwe, afadhali hapa kuliko kikaoni.

Hakunisalimu. Akaanza kugonga vyungu. Aligonga vyangu vyote, kimoja baada ya kingine, na wanawake wote wakaacha kazi kumtazama. Halafu akasema, mgongo amenipa:

"Uliweka sahihi kwenye nyumba yangu bila kuniuliza."

Nikamwambia, "Niliweka sahihi kwenye mwili wa mwanangu. Nyumba yako haikuwepo."

"Ungenipigia simu."

"Ningepiga, ungesema nini?"

Aligonga chungu kimoja tena, kile kile, kama vile kingempa jibu. Mwishoni akasema, "Sijui ningesema nini. Ndicho kinachonikera." Akakaa kwenye gunia langu bila kukaribishwa.

Nilimwaga nguo zako mkekani. Akazitazama nilivyozipanga, akasema, "Umezipanga vibaya. Jeni anapanga kwa umri." Akaanza kuzipanga upya. Mimi nikamwacha. Kisha akafungua pochi akatoa sweta, akaliweka katikati, juu ya zote.

Nikamwuliza, "Hilo unaliuza?"

"Limembana mtoto. Unataka nilivae mimi?"

Saa ile ile akaja binti kutoka kwenye mtumbwi, mtoto mgongoni, mwezi mmoja au miwili tangu ajifungue. Akalishika sweta. Akauliza, "Mbona mkono huu una rangi mbili?"

Mama Ezra akamjibu, "Uzi uliisha."

"Basi nipunguzie, lina kasoro."

"Kasoro? Hiyo ni alama. Mtoto akipotea sokoni utamjua kwa mbali. Sipunguzi."

Binti akacheka. Akalipima kwa mtoto wake, likamkaa. Kisha akauliza, hakuwa na ubaya wowote, ni swali la kila mtu, "Bibi, na mdogo wake mwenye nguo hii? Hatalihitaji?"

Jeni, wanawake wa Ikombe walikuwepo wote, wale wale wa spika.

Mama Ezra akamfungia yule binti sweta kwenye kanga yake, akakaza fundo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi: "Hana mdogo. Mjukuu wangu ni mmoja, anaitwa Lugano, na ametutosha. Umechukua au hujachukua?"

Akachukua.

Halafu akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyeuliza. "Na wale baba wadogo wameshaambiwa wasichinje kuku kwa ajili yangu Jumatatu. Mwenye mwana ni mimi. Kikao hakipo." Akaongeza, "Wewe sijakusamehe." Nikamwambia sawa, nitangoja. Alichagua chungu. Kile cha zawadi kilicho jikoni kwako hakitaki, amechagua kingine chenye mdomo uliopinda, kwa sababu anasema ndicho kinacholia. Ameketi nacho mbele kwa dereva, amekipakata.

Sasa la haraka. Lile sweta la pili alilokuwa analifuma, amelifumua lote. Ameanza upya, kubwa, na amefika kwenye mkono wa kushoto. Anataka kujua urefu wa Lugano kutoka begani mpaka kiganjani, kwa sababu hataki uzi uishe tena. Mpime leo hii akiwa amelala, akiwa macho hatatulia. Shabani anayekuletea barua hii atangoja kipimo mlangoni, na Mama Ezra atakuwa garini.

Usimtolee kipimo nje. Mwambie ashuke, apime mwenyewe.

Mama yako